Model number ya simu ya baba mkwe ilianza na N, na mahari yangu ikawa mashakani

Wakuu, habari za mihangaiko. Mlio kazini mnasoma huku mmeificha simu chini ya meza, poleni, nitajitahidi nisiwachekeshe kwa sauti.

Leo sijaleta stori ya kusikia kwa mtu. Hili limenipata mimi, na mashahidi wapo hapa hapa Sydney, wengine ni members humu. Mkifika mahali mkaona nimefanya ujinga, ni kweli nilifanya, hamna haja ya kunikumbusha kwenye comment.

Twende.

Mimi ni Mrundi wa damu, ila nilizaliwa na kukulia kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki cha Bongo. Sasa hivi naishi Penrith, huku magharibi mwishoni ambako ukisema unaenda mjini unabeba na chakula cha njiani. Kazi yangu ni warehouse.

Wazazi wangu walifariki kabla ya safari yetu ya kuletwa Australia kutoka. Nilikuja na dada yangu tu, naye akaolewa akahamia Perth. Kwa hiyo Sydney nzima sina ndugu wa damu hata mmoja.

Nina mchumba anaitwa Furaha. Ni Mkongo wa Uvira, anafanya kazi aged care, kutunza wazee, anaishi na wazazi wake Quakers Hill. Tulijuana kwenye mkesha wa makanisa ya huku, kwaya yao ilipokosa mpiga gitaa nikaingia kuziba pengo. Tangu siku ile sijatoka.

Sasa, wakuu, kwa wenzetu Wakongo mahari inakuja na orodha. Suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi, na vitu vingine vingi. Kwenye orodha yangu kulikuwa na simu ya baba mkwe, tena smartphone, ile yenye jina. Iwe mpya. Iwe ndani ya boksi. Isiwe imefunguliwa.

Hilo la kutofunguliwa lilirudiwa mara mbili na Tonton Fabien. Huyu Tonton ni kaka wa mama yake Furaha, ndiye msemaji wa familia yao. Ni mtu wa kugeuza kila kitu chini juu kutafuta lebo. Ukimpa chai anaangalia kwanza imeandikwa nini kwenye majani.

Na hakuwa anatania. Dada mkubwa wa Furaha alishawahi kuchumbiwa. Yule jamaa alileta vitenge vya kuigiza. Tonton akashika pindo, akasoma maandishi, akasugua kidogo kwa kidole kilicholowa. Rangi ikatoka. Mzigo wote ulirudishwa kwenye gari siku ile ile, na wageni walikuwa bado hawajala.

Dada mkubwa yuko nyumbani mpaka leo.

Maelezo yao ni kwamba ukimpelekea mkwe kitu kilichotumika, umemwambia binti yake naye ametumika. Hakuna mjadala hapo. Mimi hata Kiswahili cha kubishana nao sikuwa nacho.

Tatizo langu la pili lilikuwa watu. Siku ya mahari kijana haendi peke yake, anaenda na baba, wajomba, shangazi. Mimi ningewatoa wapi?

Hapa ndipo anaingia Mzee Nestori.

Mzee Nestori ni shemasi wa kanisa letu, Mrundi mwenzangu, anasafisha maofisi. Ndiye aliyenipokea airport siku natua, ndiye aliyenionyesha namna ya kupanda treni, ndiye aliyenigombeza nilipotaka kuacha darasa la Kiingereza. Nilipomweleza shida yangu hakuniuliza hata swali. Akasema, "Nitasimama mimi. Wajomba nitakutafutia pale kanisani."

Ndivyo tunavyofanya wengi huku, mnajua. Unaazima wazee. Mtu anavaa suti, anakuwa mjomba wako kwa siku moja, kesho mnasalimiana kama kawaida.

Kwenye orodha, Mzee Nestori akaweka kidole pale kwenye simu. "Hii niachie. Baba ndiye anayempelekea baba mwenzake zawadi." Nilikataa, akanuna. Nikaacha.

Akaenda kununua Lidcombe, kwa jamaa mmoja anayeuza simu nyumbani kwake, garage imegeuzwa duka. Akaja na boksi zuri, nailoni imebana kila kona, linang'aa. Mimi niliyezoea mambo ya simu nilipaswa kulifungua pale pale na kuikagua.

Sikufungua. Zawadi ya mkwe haifunguliwi na mkono wa anayeitoa. Hilo Warundi na Wakongo tunakubaliana, na orodha ilishasema. Nililishika lile boksi kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga, nikaliweka juu ya kabati.

Siku ya mahari ilipita vizuri mno. Mzee Nestori alisimama na suti yake ya kijivu, akasema kwa sauti ya shemasi, "Vyote tulivyoleta ni vipya. Nasema hivyo kwa jina langu." Tonton akakagua vitenge, akakagua suti, akaligeuza boksi la simu, akasoma lebo yake yote, akatikisa kichwa kukubali. Vigelegele. Mimi nilikula mpaka nikaona aibu.

Harusi ya kanisani ikapangwa wiki chache mbele.

Jumamosi iliyofuata baba mkwe akanipigia. Tunamwita Papa Byamungu. Ni mzee mpole, maneno machache. Akasema, "Mukwe, kuya uniwekee WhatsApp. Nataka nisalimie batu ya Uvira."

Kumbe wiki nzima lile boksi lilikuwa kwenye kabati la vioo sebuleni, wageni walione. Nilipofika ndipo akalifungua, yeye mwenyewe, polepole, akaikunja ile nailoni akaitia mfukoni. Tonton Fabien alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu ameinyoosha.

Nikaiwasha, nikaweka laini, nikaweka WhatsApp. Papa akasema anataka jina lake lionekane kwenye simu. Nikaingia Settings, General, About, maana jina linabadilishwa hapo.

Jicho likashuka mistari michache chini, likafika kwenye Model Number.

Ilianza na N.

Wakuu, kwa ambao hamjui, ngoja nisimame hapa kidogo. Kwenye iPhone ile herufi ya kwanza ya model number inasema simu ilitokea wapi. M ni simu iliyouzwa dukani ikiwa mpya. F imerudishwa ikatengenezwa upya, ndiyo refurbished. P ni ile iliyoandikwa maneno nyuma kwa oda. N ni replacement, yaani mtu alipeleka simu yake mbovu service, akapewa hii badala yake. Mimi nayajua haya kwa sababu yangu mwenyewe ni F, niliinunua nikijua, na inanitosha.

Simu kuwa na N si kosa. Inaweza kuwa nzima kabisa. Lakini simu ya N haiuzwi kwenye boksi la dukani lenye nailoni. Aliyepewa badala anapewa simu tupu, anaondoka nayo. Kwa hiyo ukikuta N ndani ya boksi jipya, ujue kuna mtu alitafuta boksi, akatumbukiza, akafunga upya.

Na lebo ya lile boksi ilikuwa M. Nilikuwa nimeshaisoma juu ya kabati langu.

Kichwani nilimwona yule jamaa wa vitenge anapakia mzigo wake kwenye gari, ila sura ilikuwa yangu.

Tonton akainuka kwenye kochi. Akachukua boksi.

"Ile numero ya ndani na hii ya boksi, zinafanana? Leta nione."

Sijui nilipata wapi akili. Ukiigusa ile model number kwenye screen inageuka, inatokea nyingine inayoanza na A na tarakimu nne, ambayo ni namba ya aina ya simu tu. Nikaigusa. N ikapotea.

"Hii ya ndani ni ya aina ya simu, Tonton. Hiyo ya boksi ni ya duka. Haziwezi kufanana."

"Sasa serial? Serial iko wapi?"

Serial ilikuwa pale pale, mstari wa chini yake. Angesogea hatua moja tu angeiona.

Mama mkwe akatokea jikoni. "Fabien, acha mutoto. Sombe inapoa."

Tonton anapenda sombe, kile kisamvu chao, kuliko anavyopenda lebo. Akaweka boksi mezani. Mimi nikatoka kwenye ile page haraka, nikamkabidhi Papa simu yake. Ule ugali sikumbuki hata ulikuwa na ladha gani.

Mnaouliza kwa nini sikusema pale pale, nawasikia. Subirini.

Nilimweleza Furaha siku hiyo hiyo, tumekaa kwenye gari pale parking ya station ya Quakers Hill. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso.

"Babe, please don't. Usimwambie Papa."

"Na akija kujua mwenyewe?"

"Ukimwambia Papa, Tonton atajua. Tonton akijua, ataita watu wote. And then what? Utasema ni Mzee Nestori alinunua? Yule mzee? Hata kanisani hatarudi. He'd be finished."

Alisema kweli. Hapo ndipo niligundua nimefungwa pande zote mbili. Nikisema ukweli, namvua nguo mbele za watu mtu aliyesimama kama baba yangu. Nikinyamaza, kila siku inayopita ni siku ambayo Tonton anaweza kufungua Settings.

Na kulikuwa na hofu nyingine mbaya zaidi. Huku Australia mtu akiripoti simu yake imeibiwa au imepotea, mitandao inaizuia kwa IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu. Simu inabaki kioo. Sikujua ile N ilitoka mikononi mwa nani. Je, kama mwenyewe yuko mahali anajaza ripoti?

Kuna tovuti ya kuangalia IMEI. Siku ile baada ya ugali niliishika tena simu ya Papa kidogo, nikaipiga picha ile page ya About hadi penye IMEI, kwa hiyo nilikuwa nayo. Nikaingiza. Ikasema haijaripotiwa. Nikashukuru Mungu kwa sauti, kwenye chumba cha chai kazini, wenzangu wakanitazama.

Kesho yake nikaangalia tena. Na kesho yake tena.

Ikawa ugonjwa. Nikimtumia Papa meseji ya "shikamoo Papa" na ikabaki tiki moja, jasho linanitoka. Nasimamisha pallet jack, lile toroli la mizigo, katikati ya njia natazama tiki. Zikija mbili napumua. Supervisor akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia bado.

Nikaamua niende kwa Mzee Nestori, nimweleze kwa upole, tujue jamaa wa Lidcombe tumpate vipi.

Nilimkuta anapiga pasi ile suti ya kijivu, anaiandaa kwa harusi. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Mwanangu, ile simu papa wa Furaha anaitumia? Anaifurahia?"

"Anaitumia, Mzee."

"Unajua, yule kijana aliniletea mbili. Nikamwambia nataka ile ambayo nailoni haijaguswa hata na kucha. Nikaikagua kwenye mwanga wa dirisha. Mimi kununua kitu cha maana hivyo, ilikuwa mara ya kwanza." Akacheka. "Mke wangu alisema nimekuwa kama mimi ndiye ninayeoa."

Nikanywa chai yake. Nikaaga. Habari ya N nikaondoka nayo.

Nilijaribu kumtafuta muuzaji mwenyewe. Garage imefungwa, tangazo lake mtandaoni limefutwa, namba haipatikani. Kurudi kwenye treni nilikuwa najisikia kama mtu ambaye mlango wa mwisho umeshafungwa nyuma yake.

Kisha ikaja ile Jumapili.

Papa alikuwa njiani kwenda ibadani na simu ikaacha kushika mtandao. Pale juu ikaandika SOS. Nyumbani kwenye Wi-Fi ilikuwa inafanya kazi, akitoka nje inakufa. Akadhani ni laini. Tonton akasema hapana, yeye mwenyewe ataipeleka kwenye duka la simu.

Hilo nililisikia kwa Furaha, kwa meseji ya maneno machache. "Tonton ameenda na box."

Kufikia jioni Papa akanipigia kwa laini ya mama mkwe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Kesho kuya. Kuya na baba yako."

Sikuuliza ni baba gani.

Mzee Nestori nilikutana naye Penrith station. Amevaa suti ya kijivu, ana mfuko wa karanga. Alidhani tunaitwa kupanga mambo ya harusi. Mpaka Blacktown, tunabadilisha treni, anazungumzia viti vya ukumbini. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie. Mara tatu nilimwona anachagua karanga nzuri ananipa mimi, mbovu anakula yeye, nikashindwa.

Nikafanya uamuzi wangu kwenye ile treni. Nitasema ni mimi niliyenunua. Nitasema nilitaka cha rahisi. Warudishe mahari yangu, waniite tapeli, lakini yeye atoke mle ndani na jina lake.

Tukapanda zile ngazi tatu za mlangoni, nikagonga.

Sebuleni walikuwepo Papa, mama mkwe, Tonton, na Furaha amekaa pembeni, macho mekundu. Mezani kulikuwa na simu na boksi, vimelazwa pamoja. Hakuna aliyetuletea hata maji. Mzee Nestori aliona hilo, akaacha kutabasamu.

Tonton akasimama.

"Tulienda ku duka ya simu. Kijana wa kule akaiangalia. Akasema hii simu iko bloqué, mwenyewe alisema imeibiwa. Bon. Tena akaniambia hii haikuuzwaka dukani ata siku moja. Ni ile banapatia mutu kama ya kwake imeharibika. Na boksi si yake. Boksi ni ya simu ingine."

Akaligonga boksi kwa kidole.

"Sasa mutuelezee. Mulituletea simu ya kubadirisha, juu mwana yetu naye ni wa kubadirisha?"

Mama mkwe akaweka mkono mdomoni. Nilisikia Furaha anavuta pumzi.

Nikasimama. "Tonton, kosa ni langu. Hiyo simu nilinunua mimi. Mzee Nestori hakujua chochote, nilimpa boksi akalibeba tu."

Mzee Nestori akanigeukia. "Unasema nini wewe?"

"Mzee, kaa."

"Sikai." Akasimama, na karanga zikamwagika kwenye zulia. "Huyu mtoto anawadanganya. Simu nilinunua mimi, kwa mkono huu, Lidcombe. Nilimkatalia hata kuchangia. Sikujua ina tatizo, Mungu ni shahidi, lakini aliyeinunua ni mimi."

"Mzee, nakuomba..."

"Nyamaza, naongea na baba mwenzangu." Akamgeukia Papa. "Siku ile nilisimama mbele yenu nikasema vyote ni vipya kwa jina langu. Basi jina langu ndilo limewadanganya. Kama kuna mtu wa kurudishwa, nirudisheni mimi. Nitaomba msamaha mbele ya watu wale wale. Ila mtoto mwacheni na mke wake."

Wakuu, mimi tangu nimzike baba yangu sijawahi kuona mtu ananipigania hivyo. Nililia. Sioni aibu kuandika hapa kwamba nililia mbele ya wakwe.

Papa Byamungu aliweka simu pembeni. Akanitazama.

"Weye ulijua?"

"Nilijua, Papa. Tangu siku ile ya WhatsApp."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Niliogopa. Ningesema, ningemwaibisha yeye. Na nikinyamaza nampoteza Furaha. Sikujua niache nini."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu sana. Kisha akaongea maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia.

"Siku ya dot, ile ya mahari, nilihesabia batu yako. Nikaona bote ni ba kuazima. Fabien naye aliona, aliniambia. Usingizi ikanikataa. Nikajiuliza, siku huyu kijana atamutesa mwana yangu, ao atamukimbia, nitaita nani? Dada yake iko mbali. Bale bazee bataniambia, sisi tulimusaidia siku moja tu. Hii ndiyo woga nilikuwa nayo. Si simu."

Mimi muda wote ule nilidhani mwenye hofu ni mimi peke yangu.

Akamtazama Mzee Nestori, aliyekuwa bado amesimama.

"Mutu wa kuazima hawezi kugombania lawama. Fabien, funga boksi. Maneno imeisha."

Tonton hakuridhika upesi. "Na amende? Faini iko wapi?"

"Amende iko. Mbuzi moja."

"Mbuzi mpya," Tonton akasema, na hapo mama mkwe akacheka mpaka akaenda jikoni kuleta maji.

Kabla hatujaondoka, Papa akatoa simu yake ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, akamwambia Mzee Nestori ampe namba. Akaandika kwa kidole kimoja, kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaona jina alilohifadhi.

BABA MKWE YA FURAHA.

Ile simu tuliipeleka polisi mimi na Furaha, tukaeleza ilivyotufikia, wakaichukua. Nilienda naogopa, nikatoka mzima. Harusi ilifungwa. Mzee Nestori alivaa ya kijivu.

Sasa somo, maana najua wengine mmeruka moja kwa moja mpaka hapa.

Ukinunua iPhone kwa mtu, iwe ya kwako au ya zawadi, fungua boksi. Funguaaa. Mila itakusamehe. Ingia About, tazama herufi ya kwanza. M ikae na boksi lake. F na N si dhambi kama muuzaji amekuambia na bei inasema hivyo, ila zikiwa ndani ya boksi jipya, kimbia. Linganisha serial ya lebo na ya ndani, na IMEI iangalie kabla hujatoa hela, siyo baada ya hapo kama mimi niliyekuwa naitazama kila siku kama mtu mwenye homa. Na haka kamchezo ka kugusa namba ili igeuke, muuzaji naye anakajua, kwa hiyo shika simu wewe.

La pili si la simu. Mkiona jambo la mkwe limeharibika, semeni mapema. Nilijitesa bure kwa sababu nilidhani najua mzee wa watu anaogopa nini.

Wenye ujuzi wa model numbers za simu nyingine, leteni, wengi tunahitaji. Wenye matusi kwa Tonton pia karibuni, anasoma humu. Na wewe uliyesimamiwa mahari yako na mtu asiye damu yako, andika hapo chini anaitwa nani.

Wangu anaitwa Nestori.